Helen Muir, Merikebu ya Mzee Shaban

Upepo ule wa Desemba uling'oa bati mbili tu kwenye nyumba ya Zakia pale Mpemba, karibu na mpaka wa Zambia, lakini uling'oa mahali pabaya, juu ya ukuta wa sebule uliotundikwa picha ya mumewe. Mvua ilipokatika alikuta maji yametiririka ukutani mpaka sakafuni. Kona ya chini ya ile picha, upande wa kulia, ilikuwa imevimba, na rangi yake imeanza kubanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa.

Aliishusha, akaipangusa kwa kanga yake, akaiegemeza kwenye kabati. Alipogeuka akamwona mzee Shaban kwenye kiti chake, machozi yanamtiririka upande mmoja wa uso.

"Haya," alisema mzee. "Haya, haya."

Ndilo neno pekee alilobaki nalo. Kiharusi kilimkuta mwezi wa pili mwaka huo, asubuhi, akiwa anatawadha. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi, na maneno yote yakamtoka isipokuwa hilo moja. Alilitumia kuombea maji, kuitikia salamu, hata kugombea redio. Zakia alikuwa ameshajifunza kuzitofautisha haya zake kwa sauti tu, hata akiwa jikoni. Haya ya siku hiyo alikuwa hajawahi kuisikia.

Picha yenyewe ilikuwa ya merikebu ya zamani ya matanga, ya aina waliyoiita klipa, meli zilizoundwa nyembamba ili zikimbie. Ilikuwa na milingoti mitatu na matanga yaliyojaa upepo mpaka juu kabisa, na omo yake inapasua bahari ya kijani kibichi. Chini ya fremu kulikuwa na kibao kidogo cha shaba kilichoandikwa HELEN MUIR.

Shaban alikuwa mtu wa Tabora. Aliendesha malori miaka thelathini na moja, kutoka bandarini Dar es Salaam mpaka Kitwe na Lubumbashi, na picha aliipatia Kitwe mwaka tisini na sita. Mzungu mmoja mzee, fundi wa mgodini, alikuwa anafunga nyumba arudi kwao. Shaban alimsaidia kubeba masanduku mazito mchana kutwa, na mzee yule akamwambia achague kitu chochote ukutani. Wenzake wangechagua saa. Yeye alichukua meli, akaifunga ndani ya blanketi, akasafiri nayo nyuma ya kiti cha dereva mpaka nyumbani.

Kesho yake Zakia alianza kuulizia fundi. Mahali pote alipouliza walimtajia mtu mmoja, Ketrina, yule mwanamke anayeandika kwenye malori karibu na mizani. Alimkuta amepanda ngazi, anamalizia herufi ya mwisho nyuma ya tela.

"Shikamoo mama," Ketrina alisema bila kushuka.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi wa kuchora?"

"Ndiye mimi. Una gari?"

"Nina meli."

Ketrina akadhani kelele za barabara zimemchanganya. Akashuka ngazi, akajifuta mikono, akaomba aelezwe upya.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Hasamba, kwenye familia ya wakulima wa kahawa. Uchoraji alijifundisha mwenyewe. Alianza kwa kuandika mistari ya Biblia kwenye kuta za kanisa, kisha akashuka barabarani, ambako madereva walitaka simba, ndege za abiria, na majina ya mama zao kwa herufi kubwa. Alipofika sebuleni kwa Zakia na kuiona ile picha, alichuchumaa mbele yake kwa muda mrefu.

"Mama, nikwambie ukweli," alisema. "Hii siyo kazi ninayoijua. Aliyechora hapa alikuwa anaihesabu kila kamba. Halafu mimi bahari sijawahi kuiona. Nimeona Ziwa Nyasa tu, mara moja, tulipokwenda Matema na kwaya."

"Hata yeye bahari aliionea bandarini tu, akisubiri kupakia," Zakia alijibu, akimwonyesha mumewe kwa kidevu. "Jaribu, mwanangu. Hivi ilivyo anaitazama kama mtu anayetazama mgonjwa."

Ketrina akamgeukia mzee. Kwa miaka mingi ya kuzungukwa na madereva alikuwa ameokota salamu za ng'ambo ya mpaka. "Mulishani mukwai, baba," alisema. "Utaniruhusu niishike?"

Uso wa Shaban ukafunguka upande ule ulio hai. "Haya!" alisema.

"Hiyo ni ndiyo," Zakia akatafsiri.

Tatizo la kwanza lilikuwa kona. Matanga na mawingu yalihitaji kusafishwa tu, na ufa mmoja wa kuzibwa. Lakini pale chini kulia, nyuma ya merikebu, rangi ilikuwa imetoka kabisa, turubai tupu linaonekana. Ketrina akauliza palikuwa na nini.

Tabu, binti wa nyumba hiyo, mwalimu wa shule ya msingi, alijibu mara moja. "Kisiwa. Kisiwa chenye minazi. Baba alituambia mabaharia walishuka pale kutafuta maji."

Kisha akampigia simu kaka yake Yassir, aliyekuwa Mbeya, akaweka sauti ya nje.

"Kisiwa gani?" Yassir alicheka. "Palikuwa na meli nyingine. Ile waliyokuwa wanashindana nayo kuleta majani ya chai kutoka China. Baba alisema iko nyuma yao siku mbili nzima."

"Siku mbili nyuma ungeionaje pichani, Yassir?"

"Muulize baba!"

Wakabishana hivyo, watu wazima wawili, na mzee Shaban kwenye kiti chake akatikisika kwa kicheko mpaka mate yakamtoka. Zakia akamfuta mdomo. Alikuwa hajamwona akicheka tangu mwezi wa pili.

Ketrina akaelewa jinsi mambo yalivyokuwa. Kila aliporudi safari, mzee alikuwa akiwakalisha watoto chini ya picha na kuwapa kipande cha hadithi ya merikebu: dhoruba, nahodha mkali, mpishi aliyeficha paka ndani ya pipa. Watoto walikuwa wanaiona picha kwa masikio yao.

"Na wewe mama?" alimuuliza Zakia. "Wewe alikusimulia nini?"

"Mimi nilikuwa jikoni, namkaangia samaki. Mwanamume ametoka njiani wiki tatu, nikae kusikiliza meli?" Akatabasamu kidogo. "Tena nikwambie. Mwaka ule wa kwanza, kabla sijajua kusoma kile kibao, nilimsikia anamwambia mwenzake, 'Helen wangu mzuri sana, nilimpata Kitwe.' Nikasema leo ni leo. Nilimnunia siku tatu, nikidhani ana mke Kitwe."

"Haya," alisema mzee, akitazama dari.

Ketrina alianza kazi Jumatatu. Alikuja saa nne asubuhi, akishamaliza vibao vya watu, akakaa mpaka adhuhuri. Zakia alimtandikia mkeka karibu na dirisha, na kiti cha mzee kikasogezwa ili aone. Alisafisha vumbi la miaka kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kidogo kidogo, na matanga yaliyokuwa rangi ya moshi yakaanza kurudia weupe wa maziwa. Kila kipande kilipong'aa alimwonyesha mzee kwanza.

Siku ya tatu aliigeuza ili akaze turubai. Nyuma kulikuwa na hadibodi iliyopigiliwa misumari midogo. Alipoing'oa, karatasi iliyokunjwa mara nne ikamwangukia mapajani. Ilikuwa imepigwa chapa kwa Kiingereza, pembe zake zimelowa, lakini katikati maneno yanasomeka. Juu kabisa paliandikwa jina la merikebu na mwaka 1868.

"Baba, hii unaijua?"

Shaban alikuwa ameinama mbele, mkono wake wa kushoto umeshika mti wa kiti.

"Niisome?"

"Haya," alisema, kwa sauti fupi na nzito.

Zakia alitoka jikoni, mwiko mkononi. "Hapana, mwanangu. Hiyo ni hapana."

Ketrina hakubisha. Aliikunja karatasi kama ilivyokuwa, akaiweka juu ya meza ndogo karibu na mkono wa mzee, akaendelea na misumari yake. Lakini aliona kwamba tangu hapo mzee aliitazama karatasi kuliko picha.

Wiki ilipita. Ufa ukazibwa, mawingu yakakaa sawa. Ketrina akajaribu kijani cha bahari kwenye vipande vya plaiwudi, mara saba, mara nane, kwa sababu rangi zake zilizoea malori, ziling'aa mno. Mwishowe akaipata, akaijaza kona kwa maji matupu. Akamwonyesha mzee. Mzee akakataa. Akachora kwa chaki kisiwa cha Tabu. Mzee akakataa, akicheka. Akachora meli ya Yassir, ndogo, mbali. Mzee akafumba macho kwa uchovu.

Zakia alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. "Palikuwa na uchafu," alisema.

"Uchafu gani, mama?"

"Nimeipangusa picha hii kila Ijumaa, miaka ishirini na saba. Pale palikuwa na madoa. Matatu meusi, madogo kama mbegu za mchicha, na mstari chini yake. Siku ya kwanza nilidhani ni mavi ya nzi, nikatia ukucha nikwangue. Baba Yassir akaruka! Hajawahi kunipigia kelele namna ile, si kabla si baada. 'Acha! Hao ni watu!' alisema. Nikaacha. Tangu hapo nikifika pale nilikuwa nalegeza mkono."

Mzee Shaban alikuwa anamtazama mkewe kana kwamba ameingia ndani sasa hivi kutoka safari ndefu.

"Watu watatu," Ketrina alisema polepole. "Ndani ya mtumbwi?"

"Sijui mtumbwi. Najua madoa. Njoo nikuonyeshe."

Zakia akaja, akapiga magoti kwenye mkeka, akakunja kitambaa kama afanyavyo Ijumaa, akapitisha mkono juu ya picha bila kuigusa. Mkono ukashuka na mlingoti wa nyuma, ukafuata shetri kule nyuma ya merikebu, ukaingia majini, kisha ukajilegeza wenyewe.

"Hapa," alisema.

Ketrina akatia alama. Akachagua brashi yake nyembamba kuliko zote, akazuia pumzi, akaweka mashua ndogo ya makasia, urefu wake haufiki ukucha, na watu watatu ndani yake. Aliposogeza picha mbele ya kiti, mzee aliitazama kitambo, kisha akanyoosha mkono wa kushoto, si kwenye picha, bali kwenye meza. Akaichukua karatasi na kumpa Ketrina.

"Haya," alisema taratibu.

"Hiyo ni ndiyo," alisema Zakia, naye akaketi sakafuni.

Ketrina alikuwa amemaliza kidato cha nne, na Kiingereza chake kilikuwa cha barabarani, lakini simu ilimsaidia maneno magumu. Alisoma sentensi moja, akainyamazia, akaigeuza kwa Kiswahili. Helen Muir iliundwa Uskoti, mwaka elfu moja mia nane sitini na nane. Ilijengwa kwa ajili ya mbio za majani ya chai, kwa kuwa siku zile chai ya kwanza ya msimu kufika London ndiyo iliyopata bei. Katika safari yake ya tatu ilikuwa inaongoza. Meli nyingine zote zilikuwa nyuma. Kisha, siku kumi kabla ya kufika, baharia mmoja aliyekuwa anakunja tanga aliteleza akaanguka majini.

"Nahodha aliigeuza merikebu," Ketrina alisoma. "Akashusha mashua yenye watu wawili. Walimtafuta tangu saa tatu asubuhi hadi jua linakaribia kuzama, na upepo mzuri ukawapita. Walimpata amekumbatia pipa tupu, yuko hai. Helen Muir ilifika London ya nne. Nahodha alifukuzwa na wenye meli. Mchoro huu unaonyesha mashua ikirudi na watu watatu."

Zakia akajifuta pua kwa ncha ya kanga. "Kumbe nilikuwa nataka kuwakwangua."

Ketrina aliendelea. Baada ya chai merikebu ilibeba sufu kutoka Australia, kisha mbao, kisha mbolea, mizigo inazidi kuwa duni kadiri meli za moshi zilivyoongezeka. Akaikaribia aya ya mwisho, na macho yake yakatangulia. Alitazama kiti, na mguu wa mzee uliolala juu ya mto, na mkono wa kulia uliowekwa mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

"Nafikiri inatosha kwa leo, baba. Hapa chini pamelowa."

"Haya!" Mzee alipiga mti wa kiti kwa kiganja. "Haya!"

"Soma, mwanangu," alisema Zakia. "Anajua kilichoandikwa. Sisi ndio hatujui."

Ketrina akasoma, sauti yake imeshuka. Merikebu ilipozeeka iliuzwa kwenye bandari moja ya Amerika ya Kusini. Huko waliing'oa milingoti yote mitatu, wakaondoa matanga, wakaifunga minyororo katikati ya bandari iwe ghala la makaa ya mawe. Ilikaa pale pale, haikusafiri tena, miaka thelathini na minane, mpaka ilipovunjwa.

Nje lori lilipita likashusha gia kwa kelele.

"Watoto uliwaambia ilifika nyumbani," Zakia alisema mwishowe, akimtazama mumewe. "Kila mara uliwaambia ilifika nyumbani salama."

"Haya," alisema Shaban. Ilikuwa ndogo sana.

"Walikuwa wanakusubiri wewe, ndiyo maana. Ungewaambia nini kingine." Akamgeukia Ketrina. "Hayo makaa yalikuwa ya nini?"

"Ya meli za moshi, mama. Zilikuwa zinakuja ubavuni mwake kuchukua. Imeandikwa bila makaa zisingeweza kuendelea na safari."

"Kila siku zinakuja?"

"Nadhani. Bandari ilikuwa kubwa."

Zakia akafikiri. Kisha akasogea magotini mpaka kwenye kiti, akaushika ule mkono wa kulia usiosikia kitu, akauweka kati ya viganja vyake.

"Baba Yassir, mimi nimekufungia ndani," alisema. "Wenzako walikuja mwezi ule wa kwanza, wakalia mbele yako, nikaona uchungu. Nikawa nawaambia umelala. Wameniamini, wameacha kuja. Nilidhani nakusitiri. Unataka waje?"

Mzee Shaban hakupiga kiti safari hii. Aliinamisha kichwa mpaka paji lake likagusa kilemba cha mkewe.

"Haya," alisema.

Zakia hakutafsiri, na Ketrina hakuhitaji. Alianza kuosha brashi zake kwenye mafuta ya taa, akiwapa mgongo, akachukua muda mrefu kuliko brashi zilivyostahili.

Jumamosi yake, Tabu na Ketrina walikibeba kiti na mwenyewe juu yake mpaka barazani, mahali pa kuona barabara kuu na msururu wa malori yanayosubiri kwenda mpakani. Zakia alimvalisha kanzu safi na kofia. Mpaka saa tano hakusimama mtu. Zakia alitoka mara tatu kumuuliza kama jua linamchoma. Kisha lori moja lenye namba za Zambia likalia breki, likapaki pembeni, na mwanamume mnene akaruka chini akikimbia na kandambili.

Alikuwa Rabson, aliyeanza kazi akiwa utingo wa Shaban, sasa dereva mwenye utingo wake. Alisimama mbele ya baraza akipepesa macho, na Zakia akaogopa kwamba naye ataanza kulia. Rabson akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi.

"Bosi," alisema, "ile kona ya Mpika uliyonifundisha, nimeiona jana imemwangusha mtu na mzigo wa sabuni. Barabara nzima povu."

"Haya!" alisema Shaban.

"Kabisa! Sasa subiri nikueleze alivyoingia. Alikuwa na gia ya ngapi, unadhani?"

Mzee akainua vidole vitano.

"Ya tano, bosi! Kwenye mteremko ule!"

Wakakaa hivyo saa nzima na nusu. Rabson alipoondoka, alipita kwenye msururu akiwaambia wenzake. Jioni walikuja wawili, kesho yake wanne. Walileta habari za madaraja, za mvua Serenje, za askari mpya mizani. Wengine walikuja na mabishano yao, nani alikuwa na haki ya kupita, na mzee akaamua kwa kidole.

Maneno hayakumrudia. Daktari wa mazoezi alisema huenda yasirudi, na Zakia alimshukuru, akaenda kununua vikombe zaidi. Picha ilitundikwa ukuta wa pili, ambako bati ni mpya. Dereva akiingia kunawa mikono na kuiulizia, Zakia ndiye aliyemsimulia, na alianzia kwa baharia aliyeanguka.

Mwezi wa tatu Ketrina alipita akiwa na ngazi begani, akakuta watu saba barazani, wengine wamesimama.

"Fundi!" Zakia alimwita kutoka dirishani. "Huna fundi seremala unayemwamini? Ndoo zimekwisha, watu wanakalia matofali."

Ketrina alimjua mmoja, kijijini Nanyala. Benchi lilikuja Alhamisi juu ya bajaji, refu, la mkaratusi, bado linanuka maranda. Wakalishusha, wakalisogeza kulia, wakalisogeza kushoto, na mzee Shaban, kofia imemwinamia sikioni, akawaonyesha kwa mkono wake wa kushoto mahali hasa alipotaka likae.